Kitabu cha Rozina Kilichogoma Kufunguka

"Hivi wewe dada, kitabu usichoweza kukishika mkononi utakirudishaje?"

Swali hilo aliulizwa Rozina na Mama Shija, jirani yetu Msukuma wa hapa Kizwite, aliyekuwa amesimama kwenye uzio na ndoo yake ya maziwa. Rozina alikaa kizingitini, simu ameisogeza karibu na pua, machozi yanamtiririka.

"Kitu cha kuazima hurudishwa, jirani. Namna yake nitaijua siku ikifika."

"Haya, msomi. Hayo machozi mtu atadhani umefiwa."

Rozina na mimi tulimaliza darasa la saba pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani, lakini mwaka ule baba yake aliugua, naye Rozina akabaki nyumbani kulima na kulea wadogo zake. Sikumsikia akimlaumu Mungu. Aliolewa, akazaa, akasomesha watoto wote, na alipofika miaka hamsini na nne akajiandikisha mtihani wa maarifa, ule wa watu wazima wanaotaka kufika kidato cha nne bila kukaa shuleni; ukiufaulu, unaendelea na masomo ya kidato cha tatu. Mara ya kwanza hakufaulu. Historia ndiyo iliyomwangusha, wala si kwa ujinga. Vitabu vile vina herufi ndogo kama utitiri, na macho yake yalikwisha kuchoka. Akasema mbele ya Bwana kwamba atajaribu mara moja tu tena, akishindwa basi.

Wakati huo maktaba ya mjini ilikuwa imeanza kuazimisha vitabu kwa njia ya mtandao. Unaweka namba yako ya uanachama, kitabu kinashuka kwenye simu, unakaa nacho siku kumi na nne. Cha historia kilikuwemo. Ila mwanga wa simu ni mkali, kurasa mbili tu macho yanawaka. Alikuwa na kisomeo pia, kifaa bapa cha kusomea vitabu, kioo chake kimetulia kama karatasi, na herufi unazikuza upendavyo. Aliachiwa na Sista Hellena, mtawa wa parokia yetu, alipohamishiwa Kabwe, kule ziwani. Fundi wa simu akamhamishia kitabu humo kwa waya. Jalada likaonekana vizuri, lakini akiligusa, yanatokea maneno: Huna ruhusa ya kufungua kitabu hiki.

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Alijiona kama mtu aliyekutwa na kuku wa watu kapuni. Maktaba akaona haya kwenda kuuliza, wasije wakadhani ameiba. Akaenda kuungama! Mwenyewe alitusimulia jumuiyani, tukacheka mpaka sala ikachelewa. Padri alimwambia, "Mama, hiyo si dhambi. Hiyo ni mashine."

Siku ya kumi na nne ikafika. Mtihani umebaki mwezi mmoja, na yeye hajamaliza hata sura ya pili. Mwingine angekiacha kitabu kipotee. Lakini sisi ungo wa kuazima hatuurudishi mtupu, unatia humo hata kikombe cha maharage, mwenye nao ajue ulimkumbuka. Rozina akafunga maharage kwenye kitambaa, akavaa kitenge chake cha Jumapili, akabeba simu na kisomeo, akaenda.

Mtumishi wa maktaba alikuwa kijana wa Mbeya, jina lake Ipyana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kitabu chenu."

"Kiko wapi?"

Akaweka simu mezani, kisomeo kando yake, na maharage. Ipyana akashika kiti kwa kucheka.

"Mama, hivi vinajirudisha vyenyewe! Siku zikiisha, kimeondoka."

"Kiondoke bila shukrani? Hapana. Pokea."

Akapokea kwa mikono miwili. Ndipo akakitazama kisomeo. "Na hiki?"

"Hicho kinaninyima ruhusa, baba. Sijui nimekikosea nini."

Ipyana akakichomeka kwenye kompyuta, akabonyeza hapa na pale. "Mama, hujakosa kitu. Kifaa hiki bado kimeandikwa jina la Sista Hellena. Kitabu umekiazima wewe, kwa hiyo kikifika humu kinakuta mwenye nyumba ni mtu mwingine. Ngoja nifute jina lake niweke lako."

"Subiri! Utamfutaje Sista bila hata kumpigia hodi?"

Simu ikapigwa Kabwe. Upepo wa ziwa ulivuma mle ndani ya simu, na Sista akapaza sauti juu yake: "Nifute, Rozina! Nifute upesi usome!"

Ipyana akafuta, akaandika. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akikisubiri kitabu, akamwongezea siku kumi na nne nyingine, kisha akakipitisha upya kwenye kompyuta mpaka kwenye kisomeo. Kikafunguka. Rozina akakuza herufi hadi mstari ukabeba maneno manne tu, akaanza kusoma kwa sauti. Chumba kizima kilimsikia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tangu hapo alisoma akipika, alisoma kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Mama Shija, ambaye hakukanyaga shule, akajifanya msimamizi wa mtihani.

"Vita vya Majimaji vilianza lini?"

"Elfu moja mia tisa na tano."

"Mimi sijui kama ni kweli, lakini umejibu haraka. Nakupa vema!"

Matokeo yalitoka Januari, mvua ikinyesha. Rozina alifaulu, na historia ndiyo aliyoipata kwa alama za juu kuliko masomo yote. Vigelegele vilianzia kwake vikazunguka mtaa. Mama Shija alicheza kwenye tope mpaka kandambili moja ikamezwa. Nasi wa jumuiya tukamwimbia Mungu, maana kweli ametenda.

Kesho yake asubuhi Rozina alikuwa mlangoni pa maktaba kabla haijafunguliwa. Ipyana akamkumbatia, akamvutia kiti. Hakukaa.

"Naomba kitabu cha historia cha kidato cha tatu," akasema.