Maharagi kwenye Boma la Mwami

Mimi harufu ya rangi mbichi inanikasirisha. Juzi mjukuu wangu alipaka mlango wake rangi nyekundu, akaniita niusifu, nikasimama pale nimekunja uso. "Koko, kuko nini tena?" akauliza. Nikamwambia mlango ni mzuri, mwenye shida ni pua yangu. Pua yangu haijasahau piketi. Ndivyo tulivyoviita vile vigingi vya mti, vyekundu kichwani, ambavyo karani wa Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, alivipigilia kwenye mlima wetu kule Masisi, Kongo, upande wa Nyamitaba. Vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi. Rangi haikuwa imekauka. Sisi watoto tuliigusa kwa vidole, tukapakana mashavuni, tukacheka, wajinga sisi.

Karani aliwakusanya wazazi wetu akawaeleza. Huko juu ya mlima, alisema, hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna hata banda la kuku. Mvua za msimu huu zikikatika, Mzungu wa Leta atakuja kuangalia kwa macho yake mwenyewe. Akikuta ni bure, mlima utapewa mlowezi apande pareto, yale maua meupe ya kuulia wadudu.

"Kule juu njo kwa Bami," baba yangu akasema, yaani kwa wafalme wetu waliolala.

"Bami wenyewe beko wapi?" karani akamjibu. "Mimi niliona pori tu."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kidonda. Kwetu, Mwami, yaani mfalme, akilala, na hatusemi amekufa, anazikwa bomani mwake, na boma linaachwa. Hakuna anayejenga tena pale, hakuna anayekata mti, na jembe haliingii kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yetu. Tuliwaheshimu wafalme wetu mpaka mahali pao pakawa msitu, halafu mtu akaja na karatasi akasema msitu hauna mwenyewe. Hata leo nikilifikiria jambo hili mkono unaniwasha, natamani kumpiga mtu kofi, ila sijui nimpige nani.

Wanaume walibishana siku nzima. Koko wangu mimi, yaani bibi yangu, mama yake baba, hakutia neno. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye medali ya Bikira Maria shingoni, hakosi misa na hampishi mtu njiani. Kesho yake asubuhi alitukusanya wajukuu, akajitwika kitunga kikubwa kilichofunikwa majani ya migomba, akasema tunakwenda kutembea.

"Kutembea wapi, Koko?"

"Kwa wenye mlima. Mutu mukubwa akipita pale batamufunga. Mutoto na muzee, batabafukuza tu. Basi muache maulizo, tuende."

Tulipanda tukipita kando ya piketi, na kila tulipoikuta moja Koko aliitemea mate. Tukaitemea na sisi. Ilikuwa furaha kubwa, kwani nyumbani kutema mate mbele ya watu kulikuwa na fimbo yake.

Alitusimamisha kwanza kati ya miti miwili mizee iliyotazamana. "Hapa njo mulango," akasema. "Wageni baliacha mikuki hapa." Akatunyang'anya fimbo zetu za kuchungia, akazilaza chini. Mbele kidogo palikuwa na chemchemi ambamo maji ya Mwami yalitekwa, baridi mpaka meno yanauma. Akatunywesha kwa mikono yake mmoja mmoja. Kisha tukafika kwenye jiwe pana, laini, lililozungukwa na majani. Muhima, binamu yangu, akalikalia kupumzika. Lahaula! Koko alimwinua kwa sikio. "Hapo Mwami alikata maneno ya watu benye kesi, wewe unaweka matako yenye haijakata hata maneno ya mbuzi!" Tulicheka mpaka Muhima mwenyewe akacheka, ameshika sikio.

Kila tulipofika alituuliza: hapa ni nani, pale palikuwa nini? Tukikosea, anaturudisha nyuma hadi kwenye miti ya mlangoni, tunaanza upya. Miguu iliniuma, nikamnung'unikia moyoni. Kaburi lenyewe hakutufikisha. Alituonyesha kwa kidevu tu, kwani Mwami haonyeshwi kwa kidole.

Mwisho tukaingia uwanjani, pale boma liliposimama zamani. Nyasi zilitufika mabegani, na hapakuwa na sauti ila ya nyuki. Koko akashusha kitunga, akafunua majani ya migomba. Ndani mlikuwa na majembe na mbegu za maharagi.

Hakuna aliyecheka tena. Hata mdogo wetu wa mwisho alijua sheria ile. Jembe, pale!

"Dada! Unafanya nini?" Alikuwa Babu Bauma, kaka yake Koko, ambaye ukoo ulimpa kazi ya kulinda mahali pale asije mtu akakata miti. Alikuja akikimbia. "Jembe haiingiaka hapa! Tangu wazee wa wazee!"

"Njo sababu banasema iko bure," Koko akamjibu. "Heshima yetu njo inatuuza, Bauma. Mzungu anajua kusoma shamba. Pori hajui kuisoma."

"Mwami atakasirika."

"Nitamuuliza mwenyewe."

Akapiga magoti kuelekea kaburini, akapiga makofi polepole kama wanavyosalimiwa Bami, akasema kwa sauti: "Mwami, mwenye kulima njo mimi, siyo hawa watoto. Ukiwa na hasira, mulango yangu unaijua. Lakini kama unapenda kulala ndani ya pareto ya Muzungu, sema sasa, nisikie, nirudi nyumbani."

Akangoja. Tukangoja wote. Babu Bauma alikuwa ameziba masikio.

"Amenyamaza," Koko akasema, akainuka, akapiga jembe la kwanza. Baada ya hapo alininong'oneza jambo bila kunitazama: "Zile mbegu, usitie mbili shimo moja kama mvivu." Nikaanza kupanda. Tulilima hadi mikono ikachubuka. Babu Bauma alikaa ametugeuzia mgongo, hakusaidia, hakuzuia. Lakini mimea ilipotoka ni yeye aliyeifukuzia nyani, kila siku, huku akilalamika.

Mvua zilipokatika Mzungu wa Leta alikuja na karani wake. Walimkuta Koko amesimama katikati ya maharagi yaliyopanda fito zake mpaka yamempita kichwa, na sisi tumejipanga nyuma yake.

"Hii shamba iko ya nani?" karani akauliza, sauti imepungua.

"Iko ya Mwami. Mimi napalilia tu."

Mzungu alizunguka, akavunja ganda moja, akatazama ndani, akaandika. Siku ile waling'oa piketi za juu. Msidhani tulishinda kabisa, sitawadanganya. Chemchemi walichukua, na jiwe pia, wakaweka waya. Koko alipita chini ya waya ule kuteka maji mpaka uzee ulipomzuia kuinama, na mlinzi wa mlowezi alichoka kumkemea. Lakini uwanja na kaburi vilibaki kwetu.

Tulivuna, tukasherehekea. Mbegu zake zilikuwa nzuri hivi kwamba kila nyumba iliomba, na msimu uliofuata zilikuwa zimechanganyika na mbegu za mlima mzima. Koko peke yake hakula. Alikula ugali na sombe, majani ya muhogo, na siku nyingine ugali na chumvi. Tukimuuliza alijipiga tumbo: "Maharagi inanijaza upepo. Munataka nijambe kanisani?" Tulianguka kwa kicheko. Mwanamke wa Masisi asiyekula maharagi! Tulimtania hivyo miaka yote, tukiipitisha sahani chini ya pua yake makusudi.

Siku tulipomzika, Babu Bauma, kipofu tayari, aliniambia jambo alilolisikia zamani. Jioni ya siku ile ya kulima Koko alirudi peke yake kwenye kaburi, akaapa: mikono yangu imevunja sheria yako, Mwami, basi kinywa changu hakitaonja kilichoota juu yako. Mbegu ziliposambaa hakuweza tena kujua maharagi gani ni ya pale na yapi si ya pale. Akayaacha yote.

Mimi nilidhani siku ile nilimwona mtu asiyeogopa. Kumbe alimwogopa Mwami kuliko sisi sote, na bado alilima. Njaa yake ilikuwa mbele ya macho yangu kila jioni, kwenye sahani, nami nikaicheka.

Wajukuu zangu wakisukuma maharagi pembeni wakitaka nyama, sipigi kelele. Nawaambia muyale. Muyale yote. Yule aliyeyapanda hakuwahi kuyaonja.