Kitabu Bora cha Besiboli

Wakulima wa kahawa hapa Mbozi waliomba vitabu vya magonjwa ya mibuni. Chumba cha kusomea kikaletewa sanduku la vitabu vya Kiingereza, vyote vya besiboli, mchezo ambao hatujauona hata kwa ndoto.

Juzi nilimkuta humo mzee mmoja wa kijiji cha Itaka akimwuliza karani wa chumba, "Mwanangu, kipi bora?"

Karani akapapasa kurasa kwa vidole. "Hiki, baba. Karatasi laini, inafaa kusokotea tumbaku. Hicho chenye picha kinanuka kikiungua."

Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, akaingia, akaona kurasa zimechanwa. "Hamthamini vitabu!"

"Bwana," mzee akajibu taratibu, "mibuni yetu bado inakauka kwa magonjwa."

Leo chumba kimefungwa. Tangazo mlangoni linasema wenyeji hawapendi kusoma. Limeandikwa kwa Kiingereza.