Ndege ya Mume wa Shangazi

Shangazi yangu amepaka hina miguuni tangu mumewe alipopotea na ndege ya jeshi, na kwa miaka mingi mnunuzi wa hina hiyo nimekuwa mimi. Kwetu Wanubi wa Kampala, mwanamke anayepaka hina ni mwanamke mwenye mume. Akifiwa anaiacha, anavaa nyeupe, anakaa eda yake, na watu wanajua wamchukulieje. Shangazi hakuiacha. Hakuna aliyemletea maiti wala taarifa, na serikali iliyomtuma mumewe angani ilipinduliwa kabla haijapata nafasi ya kumwambia lolote.

Kilichobaki ni uvumi. Wengine walisema ndege ilianguka. Wengine, na hao ndio wenye sauti kubwa kwenye kila harusi yetu, walisema marubani waliona vita vimewashinda wakaikimbiza kaskazini, na kwamba mume wa shangazi, aliyekuwa fundi wa injini humo ndani, ana mke na watoto Juba. Shangazi alizisikia habari zote mbili na hakuikubali hata moja.

"Mimi sikai eda ya mwanamume amenikimbia," alikuwa akisema. "Na kama amekufa, mtu aje aniambie amekufa wapi. Sasa leta hina."

Tungeendelea hivyo hadi kiama kama si ugonjwa wa sukari. Mwaka jana alipata kidonda kwenye unyayo, na daktari wa hospitali ya Mulago akamwambia aache hina, maana rangi inaficha ngozi na wao wanataka kuona kama mguu unaanza kuharibika. Alimwambia waziwazi kwamba anaweza kuupoteza. Shangazi akamsikiliza kwa adabu, akashukuru, akarudi nyumbani Nsambya na kupaka hina upya. Nilimwuliza kama amechanganyikiwa. Akasema yeye bado ni mke wa mtu mpaka aambiwe vingine, na kama mguu wake unanisumbua sana, niende nikamtafute huyo mtu.

Mimi ni fundi wa friji. Sikuomba kutafuta ndege.

Nilianzia ofisi moja ya serikali huko Nakasero. Nilipanda ngazi nikiwa na picha ya mume wa shangazi amesimama chini ya mkia wa ndege yake, namba inasomeka vizuri. Kijana wa mapokezi akaitazama, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye ndege. Nikamwambia mwenye ndege ni serikali. Akasema basi serikali yenyewe ndiyo inayotakiwa kuandika barua. Niliporudi, mkubwa wake alikuwa kwenye semina. Niliporudi tena, mkubwa mwenyewe akanipokea vizuri, akanipa chai, akasema mafaili ya wakati ule yalichomwa, halafu akaniomba nikipita siku nyingine nimtazamie friji yake ya nyumbani.

Aliyenisaidia ni mzungu mmoja mstaafu niliyemkuta kwenye mtandao, mtu ambaye starehe yake ni kutafuta ndege za vita zilizoanguka duniani kote. Huyo alijibu siku ileile, na hakuchoka kujibu. Alijua ndege ile ilitengenezwa kiwanda gani, ilibadilishwa injini mara ngapi na namba za injini hizo. Nilipomwuliza kuhusu waliokuwamo, aliandika kwamba hilo kwa bahati mbaya halimo kwenye kumbukumbu zake. Alisikia kuna mabaki kando ya barabara ya kwenda Gulu, kaskazini, ambayo hajaenda mtu kuyapima. Akanisihi niende nikapige picha ya kibati cha injini, kile chenye namba. Alirudia neno kibati hadi nikaliota.

Nilikwenda na boda boda kutoka barabara kuu, katika matope. Mwenye shamba ni mama mtu mzima ambaye zamani aliwapikia askari kambini, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho. Mabati yote ya ndege yalishabebwa na watu wa vyuma chakavu. Injini tu ndiyo iliyowashinda, imezama nusu katikati ya kahawa yake. Akanipitisha kwenye mtaro mrefu unaoteremka kutoka juu ya shamba, na humo viatu vyangu vipya vikafa. Nililaani njia nzima. Nilipofika kwenye injini nilipiga magoti, nikatoa brashi ya waya na kuanza kusugua, kwa sababu ndivyo tunavyofanya sisi mafundi: mashine yoyote, kwanza tafuta kibati.

Mama yule alisimama nyuma yangu akisimulia. Walikuwa watatu, wanakijiji wakawazika pale penye ua wa miti, kila mwaka yeye hupalilia. Alitaka kunionyesha hiki na kile. Nilimwitikia "ndiyo, mama, ndiyo," macho yangu kwenye kutu. Namba ilipotokea nilipiga picha, nikasoma Fatiha pale penye ua, nikawahi mvua.

Mzungu alijibu usiku huohuo. Namba ni yenyewe. Aliandika "Hongera!" kwa herufi kubwa. Nilikaa na ile simu mkononi nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Mtu ananipongeza kwa kifo cha mume wa shangazi yangu, na ndiye peke yake aliyenisaidia.

Ijumaa tukakusanyika kwa shangazi. Binamu zangu walileta kitambaa cheupe. Shekhe alikuja pia, akaeleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo ya shangazi ilishakwisha zamani na hadaiwi kitu. Aache hina tu, atibiwe mguu. Nikamweleza shangazi habari ya injini, namba, makaburi. Nilijiona nimefanya kazi kubwa, na nilingoja anishukuru.

Akauliza, "Ilikuwa inaenda ama inarudi?"

"Nini?"

"Ndege. Ilianguka ikienda kule Sudani, ama ilikuwa inarudi?"

Binamu mmoja akasema kufa ni kufa. Shangazi akamwambia anyamaze, yeye hajaachwa na mtu. Akanigeukia. "Kama alikuwa ananikimbia, hiyo nguo rudisheni dukani. Nitakufa na hina yangu."

Nilitamani kugonga kichwa ukutani. Nilimwambia, mbele ya shekhe, kwamba amenipeleka Nakasero mara tatu, ameniharibia viatu, sasa anataka nimfufue rubani nimwulize alikuwa anaelekea wapi. Nikatoka uani na kumpigia mama wa shamba, nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilisahau hata kumwamkia. Nikamwuliza kama kuna mtu aliyeona ndege ilitokea upande gani.

"Si ulitembea ndani ya ile mtaro?" akasema. "Sisi hatukuchimba ile mtaro, ssebo. Ni ndege ililima. Iligusa huko juu, upande wa Gulu, ikakuja na tumbo mpaka pale kwa injini. Kichwa ilikuwa inaangalia huko kwenu Kampala. Nilitaka kukuonyesha, lakini wewe ulikuwa na brashi yako."

Nilirudi ndani nikamwomba aseme tena, simu ikiwa na sauti wazi. Alisema tena, neno kwa neno. Shangazi akamwuliza kama ana hakika. Mama akasema mtaro upo, mtu yeyote aje aangalie.

Shangazi alimshukuru, akamwombea dua kwa kuwapalilia. Kisha akamwambia shekhe kwamba amesikia hadaiwi eda, lakini ataikaa yote. Mimi akanituma nichukue pakiti ya hina niliyoleta kabla ya safari yangu, niipeleke kwa binti wa jirani anayeolewa. Nilikwenda nayo nikilia barabarani, mzee mzima, na watu wa boda boda wakinipa pole bila kujua ya nini.

Hina haitoki kwa maji. Ilichukua wiki nyingi kufifia. Siku nilipompeleka tena Mulago, nesi alimvua viatu, nami nikaona nyayo za shangazi zilivyo, rangi ya mkate, na kidonda pembeni kikianza kufunga. Nilikuwa sijawahi kuziona. Shangazi aliziangalia pia, muda mrefu, halafu akamwambia nesi kwamba mume wake alikufa akirudi nyumbani.