Nilivyokaza misumari ya fundi, ukuta ukafura

Wasee, leo nimejiaibisha mbele ya wateja wangu hapa mtaa wa Tena.

Asubuhi fundi Achieng aliweka paneli za plastiki kwenye ukuta wa nje wa saluni yangu. Nikazigusa, zikacheza. Nikajua ni kazi mbovu! Alipoenda kununua vipande vya kona, nikachukua nyundo nikagonga kila msumari hadi mwisho.

Saa saba, jua kali. Ukuta ukatoa kitambi.

Achieng akarudi. "Nani amekaza misumari yangu? Plastiki ikipata joto hutanuka. Niliiachia nafasi!"

Nikainama, nikaendelea kusuka.

Mteja niliyekuwa namsuka akanichongea: "Ni yeye!"

Achieng akacheka, akanipa nyundo. "Haya, ilegeze mwenyewe."

Nimelegeza hadi jioni, mteja akinisimamia na kichwa kilichosukwa nusu, kama bosi.

Nyinyi mngesema ukweli ama mngesingizia jua?