Nola Prewitt Apata Vema ya Pili

Saa mbili na robo asubuhi, Ijumaa, na Roberta Zelenka anahesabu giza.

Ameinama juu ya meza ya kuungia filamu, glovu nyeupe za pamba mikononi, anapima kipande cha mkanda mweusi usio na picha hata moja. Midomo yake inacheza bila sauti: ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Kahawa yake imeshapoa kitambo, na juu ya kikombe ameweka kisahani ili vumbi lisiingie.

"Ukinisemesha sasa hivi nitakutupa dirishani," anasema bila kuinua kichwa.

Anayeambiwa hajasikia neno. Constance Ruhl, miaka sabini na mmoja, ni kiziwi tangu homa ya utotoni, na muda huu anaangalia nje. Anaongea vizuri tu, ila ukitaka akusikie, lazima aione midomo yako.

Roberta, ambaye mji mzima unamwita Bobbie, ana miaka sitini na mitatu. Siku za wiki anaendesha basi la shule hapa Corley Junction, Nebraska. Mwisho wa wiki ndiye mwonyesha filamu wa jumba la sinema la Lyric, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na baba yake akairithi kwa baba yake, Emil. Analipwa dola themanini na tano kwa onyesho. "Na bisi kadiri tumbo linavyoruhusu," anaongeza, asije akaonekana mlalamishi.

Kesho saa nane mchana, mashabiki mia mbili na kumi watajaa ukumbini kumshangilia Nola Prewitt, mwigizaji aliyetoka mji huu filamu zilipokuwa ndiyo kwanza zinajifunza kusema. Na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1930, mkanda wa saba wa filamu yake, *Mgeni wa Jumanne*, utakuwa na sauti.

Bobbie akikosea hesabu ya picha hizi nyeusi, hata kwa picha mbili tatu, Nola atachekwa tena katika ukumbi uleule aliochekwa zamani. Na mwenye kosa atakuwa Zelenka tena. Hilo ndilo lililomnyima kifungua kinywa.

Nola alikuwa binti wa msimamizi wa ghala la nafaka, lile lile linaloonekana ukitoka mlangoni pa Lyric. Alikwenda Hollywood akiwa na miaka kumi na tisa, akacheza filamu kumi na moja, kisha akazama kama jiwe. Leo ukimtaja nje ya mji huu, watu watakuuliza ni sabuni ya aina gani.

Oktoba 1930 alirudi nyumbani na filamu yake mpya. Siku hizo sauti haikuwa ndani ya mkanda. Ilikuwa kwenye sahani ya santuri yenye upana wa sinia, moja kwa kila mkanda, na viwili hivyo vilianzishwa pamoja ili vitembee sambamba hadi mwisho.

Mchana, wakati wa kujaribu picha bila sahani, mkanda wa saba ulikatika. Emil Zelenka, kijana wa miaka ishirini na miwili, akaondoa sehemu iliyochanika, akaunga, akakimbilia kupiga pasi shati lake. Katika haraka hiyo alisahau jambo ambalo kila mwonyesha filamu wa wakati ule alilijua: picha ulizokata lazima uzirudishe kwa picha nyeusi za idadi ileile, kwa sababu sahani haikatwi.

Haraka haraka haina baraka. Jioni ile, Nola wa kwenye pazia alifungua mdomo, ukatoka ukimya. Akaufunga, sauti ikaja. Tapeli mwenye masharubu akamjibu kwa sauti ya kike, na Nola naye akafoka kwa besi ya mwanamume. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nola mwenyewe alikuwa safu ya tatu, kando ya baba yake. Alitoka kwa mlango wa pembeni, asubuhi akapanda treni, na hakurudi tena mpaka kufa kwake.

Kampuni iliyotengeneza filamu hiyo ilifilisika majira ya baridi hayo hayo, na mkanda ukabaki Corley Junction bila wa kuudai. Filamu haikwenda popote, ila uvumi ulikwenda: Nola Prewitt ana sauti ya dume. Ukamfuata kila studio. Mji uliilaumu Hollywood, Hollywood ikamlaumu Nola, na siri ya kiungo kibaya akabaki nayo mtu mmoja.

Hapa mjini jina lake likageuka neno. Mtu akijibu swali lililokwisha kupita, au akicheka mzaha ambao wenzake wameshausahau, huambiwa, "Umefanya Nola."

"Mke wangu alinifanyia Nola siku ya harusi," anasema Merle Kratz, mwenye mgahawa ulio mkabala na Lyric. "Mchungaji anauliza kama ananikubali, mwenzangu anatazama dari! Kuja kuitikia, mimi jasho limefika kwenye soksi."

Bobbie naye amekua akilisema neno hilo. "Nilikuwa nalisema mezani, babu yupo," anasema. "Anatafuna tu viazi vyake. Sikujua namchoma."

Alijua Machi mwaka huu. Aling'oa mbao za sakafu ya chumba cha mitambo ili apitishe waya mpya wa umeme, akakuta mfuko wa unga uliokunjwa vizuri. Ndani yake palikuwa na sahani ya santuri, nzima, haina ufa. Karatasi iliyobandikwa katikati ilisema: *Mgeni wa Jumanne*, mkanda wa saba. Na chini yake, visanduku ishirini vidogo.

Visanduku hivyo vilikuwa utaratibu wa kazi. Kila sahani ikichezwa, mwonyesha filamu aliweka vema moja, ile alama ya tiki. Vema zikifika ishirini, sahani imechakaa, inatupwa. Sahani hii ilikuwa na vema moja tu.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kipande cha karatasi pia, kwa mwandiko wa Emil: "Nilikata, sikurudisha."

Bobbie aliketi palepale kwenye vumbi. Emil alikufa Bobbie akiwa na miaka kumi na tisa, na kazi yote alimfundisha kwa maneno mawili: ukikata, rudisha. "Nilidhani ananifunza uaminifu," anasema. "Kumbe mzee wa watu alikuwa anatubu."

Mtu wa kwanza ambaye Bobbie alimwandikia alikuwa Constance. Bibi huyu wa Chicago, aliyepanga herufi katika kiwanda cha magazeti miaka thelathini na nane, ndiye aliyeanzisha chama cha mashabiki miaka kumi na mmoja iliyopita. Alikuwa ameiona filamu hiyo kwenye nakala iliyohifadhiwa, mkanda wa saba ukiwa bubu, na hakuona upungufu wowote. "Kwangu filamu zote ni bubu," anasema. "Huyu ndiye wa kwanza niliyemwelewa bila kukodoa macho. Anasema kwa uso mzima."

Akasoma midomo ya Nola, akaandika kila neno la mkanda huo. Tangu hapo imekuwa desturi: Jumamosi ya pili ya Juni mashabiki hufurika Corley Junction wakiwa na glovu ndefu kama za Nola, nusu yao nyekundu na nusu yao kijani, kwa sababu filamu haina rangi na ugomvi wa rangi ya glovu haujapata mwamuzi. Ukifika mkanda wa saba, ukumbi mzima humsemea Nola maneno yake kwa pamoja.

Sasa sahani imepatikana, na mwaka huu mashabiki wameombwa wanyamaze wamsikilize. Bobbie aliipeleka mjini Omaha, sauti ikanakiliwa kwenye kompyuta kwa kamera, bila sindano kuigusa. Kisha akatumia miezi miwili kuunda meza ya kuzungushia sahani, akaiunganisha na mashine yake kwa gia za chuma za trekta bovu. Mashabiki wengine walimsihi acheze nakala tu, sahani isije ikapasuka.

"Nikawaambia, nakala tutajaribia," anasema Bobbie. "Lakini kompyuta haina mahali pa kuweka vema."

Ijumaa hii, basi, kazi ni moja: kujua Emil alikata picha ngapi. Picha ishirini na nne hupita kwa sekunde moja. Kwa bahati, baada tu ya kiungo cha Emil, Nola anaweka kikombe juu ya kisahani kwa hasira.

"Wewe macho, mimi masikio," Bobbie anamwambia Constance, uso kwa uso. "Ukiona kinagusa, inua mkono. Nikisikia mlio, nainua wangu."

Picha ishirini na nane: mkono wa Constance unatangulia. Thelathini: unatangulia bado, kidogo mno. Bobbie anakata picha moja nyingine nyeusi, anaunga, anafuta jasho, anawasha.

Mikono miwili inapanda kwa pamoja.

Wanatazamana. Wanarudia mara tatu, na mara zote tatu mikono inapanda pamoja. "Thelathini na moja," anasema Bobbie. "Haya babu, deni hilo hapo." Kisha anauacha mkanda uendelee ili asikie yaliyobaki, na mara anaziba mdomo kwa mkono wenye glovu.

"Nini?" anauliza Constance. "Imeharibika?"

"Dada, kuna maneno mawili hapa. Moja hukuliona, na moja uliliona vibaya."

Anamwambia. Constance anacheka mpaka anashika ukuta. "Usimwambie mtu! Waache wajionee wenyewe."

Jumamosi, Lyric imejaa mpaka ngazini. Mikanda sita ya kwanza, ambayo sahani zake zilikuwepo siku zote, inapita vizuri. Kabla ya mkanda wa saba taa zinawaka, na Bobbie anashuka kusimama mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

"Mimi ni mjukuu wa Emil Zelenka," anasema. "Sauti ya Nola haikuwa na kasoro. Babu yangu alikata mkanda na hakurudisha picha. Waliofanya Nola ni sisi. Kwa niaba yake naomba radhi."

Bobbie anasimama na mikono yake haijui iende wapi, mpaka Merle Kratz anapaza sauti kutoka nyuma.

"Bobbie, mama! Radhi umepewa. Sasa panda juu ukawashe mashine kabla bisi hazijapoa!"

Makofi yanamsindikiza hadi juu. Anaweka sindano karibu na kitovu cha sahani, pale penye mshale, kwa sababu sahani hizi huanzia ndani na kwenda nje. Anavuta pumzi, anawasha vyote viwili. Constance hatazami pazia leo. Amesimama pembeni chini, kiganja kimoja juu ya spika, macho kwenye nyuso za watu.

Giza fupi linapita, picha thelathini na moja, kufumba na kufumbua tu. Kikombe kinagonga kisahani, na Nola anasema.

Sauti ni nzito kidogo, ya mwanamke aliyekulia penye upepo, na kicheko kimejificha chini yake. Inatoka mdomoni mwake hasa, neno kwa neno. Safu ya mbele mtu analia waziwazi, wala hajifichi.

Kisha Nola anageuka kutundika koti na kuwapa watu mgongo. Miaka kumi na mmoja, hapa mashabiki hunyamaza, kwa maana mgongo hauna midomo. Leo mgongo unasema: "Na glovu hizi za bluu zinanibana tangu Omaha!"

Ukumbi unalipuka. Nyekundu zinarushwa hewani, kijani zinarushwa hewani, watu wanakumbatiana na mahasimu wao. Katika shangwe hiyo hakuna anayekumbuka kwamba wameombwa wanyamaze, na Nola anapofika kizingitini pa nyumba ya kwao na begi lake, watu mia mbili na kumi wanasema pamoja naye kwa mazoea yao ya miaka yote: "Mwambieni mama nimerudi!"

Naye Nola anasema: "Mwambieni baba nimerudi."

Kisha Merle, machozi na kicheko pamoja: "Jamani! Leo tumefanya Nola ukumbi mzima!"

Wanacheka, katika mkanda wa saba, ndani ya Lyric, kama siku ile. Ila safari hii waliochelewa ni wao, na Nola pale kwenye pazia yuko sawasawa na sauti yake, anatabasamu, kana kwamba anawasubiri wamalize. Wanasimama na kumpigia makofi hadi mkanda unapokwisha, na hata pazia linapobaki jeupe hawakai.

"Mama na baba kwenye midomo ni kitu kimoja," anajitetea Constance baadaye, akibusiwa na kila anayepita. "Ndiyo maana nyumba nyingi hazielewani."

Kiganja chake bado kina joto la spika. Anasema alimsikia Nola kwa mkono mmoja, na kwa nyuso zile mia mbili na kumi akamsikia zaidi.

Juu, Bobbie ameiondoa sahani na kuifuta kwa kitambaa laini. Haina ufa. Anachukua penseli, analamba ncha yake kama babu alivyokuwa akifanya, na katika kisanduku cha pili, kando ya ile vema ya Emil iliyofifia, anaweka yake. Vema inakuwa ndefu kupita kisanduku.

"Vimebaki kumi na vinane," anasema. "Kimoja kila Juni. Nikivimaliza nitakuwa na miaka themanini na mmoja."

Anairudisha sahani, safari hii si kwenye mfuko wa unga wala chini ya sakafu. Anaitundika ukutani juu ya mashine, mahali ambapo yeyote anayefungua mlango ataiona.

"Basi la shule nitastaafu mwakani," anasema Bobbie Zelenka. "Hapa sistaafu mpaka nimjazie Nola visanduku vyake."