Niliijaribu coupe ya bei chee kutoka Kihesa hadi Mbeya, baba akauliza mlango wa nyuma uko wapi

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlioamka na mliokesha na bando.

Kuna kijana juzi kaanzisha uzi humu anaomba ushauri. Kapata gari la michezo la zamani, milango miwili, bei ya kutupa. Anunue au aache?

Nimesoma comments zote. Mmeongelea gasket, spea, mafuta, mpaka warembo. Hakuna aliyemuuliza swali ambalo mimi niliulizwa miaka ya sabini ikielekea ukingoni, tena na watu wawili wasiojuana.

Nikaona comment haitatosha, nimpe uzi mzima. Sina cha kuuza hapa. Na mwenzangu niliyeyaona naye haya yuko sebuleni anasikiliza taarifa ya habari, nikiongeza chumvi atanisahihisha.

Twende.

Wakati huo nilikuwa mchoraji ramani kwenye ofisi moja ya serikali Mbeya mjini. Nimepanga mtaa wa Soweto. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, na mke wangu Felista ni Mhehe wa Kihesa, Iringa. Ndoa bado changa.

Nyumba niliyopanga ilikuwa ya hovyo. Bati linavuja, sakafu ina mashimo. Niliichukua kwa sababu moja tu: ilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa uani.

Hapa niwaeleze wasiotoka kwetu.

Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sio ugomvi, ni heshima, tunaita ukutila. Hawakutani njiani, hawakai chumba kimoja, hawasemeshani. Siku hizi kanisa na mjini vimelegeza mambo, vijana mnapiga selfie na wakwe zenu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na hakulegeza hata kidogo.

Na Felista, Mhehe wa watu, alifundishwa na dada zangu alipoolewa akaishika desturi kuliko wao wenyewe.

Sasa baba alikuwa na kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Kila baada ya muda alikuja Mbeya hospitali, anafikia kwangu. Yeye chumba cha mbele, Felista jikoni na uani. Akitaka kutoka anakohoa, Felista anazunguka. Felista akitaka kupita anakohoa, mzee anageukia ukutani. Chakula napeleka mimi.

Waliishi hivyo vizuri tu. Walijuana kwa vikohozi.

Basi, gari.

Mjomba wake Felista pale Kihesa akanitumia salamu kuwa kuna mzungu, mwalimu wa chuo, mkataba umeisha anarudi kwao, anauza gari. Nikapanda basi na Felista, tukaenda.

Kampuni iliyolitengeneza siitaji, wenye nalo mtakuja kunishambulia. Ilikuwa coupe ya Kiingereza, rangi nyekundu iliyopauka, pua ndefu, iko chini kiasi kwamba unaingia kama unayeingia kitandani. Mbele viti viwili. Nyuma kuna kibenchi cha kumtosha mtoto wa shule na mkoba wake.

Bei ilikuwa ndogo kwa sababu zinazoeleweka. Spea hakuna nchini, petroli ya mgao, na Jumapili kuanzia mchana magari binafsi yalikuwa yamepigwa marufuku barabarani. Nani anataka gari la starehe ambalo siku ya starehe linalala?

Mimi nilitaka. Niseme ukweli, niliipenda palepale, kabla hata haijawashwa.

Mwalimu alikuwa muungwana. Kwa dhamana ya mjomba akaniachia niende nayo Mbeya nikaijaribu mpaka wiki ya kuondoka kwake. Nikiipenda nilete hela, nikiikataa niirudishe.

Safari ya Iringa hadi Mbeya sitaisahau. Lami ilikuwa bado mpya. Mafinga tukapita na ukungu wake, Makambako watoto wakatuzunguka wakawa wanajiangalia kwenye taa. Felista, ambaye si mtu wa maneno mengi, alicheka njia nzima. Alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana, na alilishika kwa mikono miwili kila nilipokanyaga mafuta.

Tuliposhuka kwenye tambarare za Usangu tukakuta ng'ombe wamejaa barabarani. Msukuma mmoja mtu mzima, mmoja wa wale waliohamia kule na mifugo yao, alikuwa anawavusha taratibu. Akaja dirishani. Ilibidi ainame sana. Akatutazama, akatazama nyuma, akatutazama tena.

"Gari nzuri hii," akasema. "Sasa watu wenu wengine huwa mnawaweka wapi?"

Tukacheka. Nikamwambia tuko wawili tu. Akaitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa, akaenda kwa ng'ombe wake.

Mbeya nikawa gumzo. Nikipaki Mwanjelwa, wauza ndizi wanaacha biashara. Bosi wangu ofisini alikuja kuomba kukaa tu ndani, bila kwenda popote.

Mwenye akili angeniuliza unahitaji gari la nini. Jibu nilikuwa nalo: nitakuwa nambeba baba kumpeleka hospitali. Nililisema kwa kila mtu hadi nikaliamini.

Jumamosi moja nikaenda Rungwe kumchukua, ili Jumatatu aonwe na daktari. Daktari alishasema safari ile asikose, mguu ulishaanza kutoa harufu. Felista nilikwenda naye, ila mpango ulikuwa abaki amsaidie mama kuvuna maharage, arudi na basi siku nyingine. Mimi na baba tungerudi Jumapili kabla ya saa ya marufuku.

Mnaona? Tayari gari ilikuwa imeshanionyesha kuwa haiwezi kuwabeba wote wawili. Sikuona. Niliona mpango mzuri.

Jumapili ibada ikawa ndefu. Tukala. Baba kavaa koti lake la kanisa, yuko tayari. Ndipo mama akatoka jikoni mbio, akaniita pembeni. Felista tumbo linamkata, na kuna damu.

Basi la mchana lilikuwa limepita. Jirani mwenye Land Rover hana petroli. Petroli niliyokuwa nayo ilitosha kufika Mbeya mara moja tu, kurudi tena kumfuata baba isingewezekana. Sikuwa na haja ya kumweleza, alikuwa mtu wa kuhesabu kimya kimya.

Akasema yeye atangoja basi la kesho. Mama akamwambia kesho hakuna basi la asubuhi, na mguu huo hauna kesho nyingi. Sikuwahi kumsikia mama akimjibu baba namna hiyo.

Baba akachukua fimbo yake akaizunguka gari. Taratibu, mzunguko mzima, mguu mmoja anauburuta. Alipofika kwangu akauliza, "Ambokile, mlango wa nyuma uko wapi?"

Nikamwambia haina, baba.

"Nyumba yako inao."

Wakuu, niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Mbele ya lile gari zuri nilijiona mjinga kabisa.

Felista asingeweza kukunjwa kwenye kile kibenchi na hali ile. Kwa hiyo wa nyuma alijulikana. Lakini baba yangu hakuwahi kukaa nyuma ya mtu yeyote. Kanisani, kikaoni, msibani, alikaa mbele.

Akanipa fimbo. Akavua kofia. Nikalaza kiti cha dereva, akaingia kwa magoti, mguu mbovu ukiwa wa mwisho, nikausaidia kwa mikono yangu. Akajikunja upande, akageuza uso kwenye kioo cha nyuma, akajifunika koti kichwani.

"Haya," akasema kutoka ndani ya koti. "Mwiteni."

Mama akamleta Felista kamfunika kanga usoni. Akakaa mbele. Mimi nikageuza kile kioo cha katikati cha kutazamia nyuma kikatazama paa, nikawasha.

Barabara ya Tukuyu enzi hizo sio hii mnayoijua. Gari ile ya chini ilikuwa inaramba kila jiwe. Kila ikiramba, nyuma nasikia baba anavuta pumzi, pembeni nasikia Felista anauma kanga.

Tulipopita Kiwira na kuanza kupanda milima, baridi na ukungu, Felista akaanza kuguna kwa sauti. Nikaongeza mwendo. Ndipo baba akasema, uso wake bado uko kwenye barabara tuliyoiacha nyuma:

"Mwambie apumue polepole. Asishindane nayo."

Nikamwambia Felista apumue polepole, asishindane nayo. Alikuwa ameshaanza kabla sijamaliza.

Baadaye kidogo Felista akasema, kwa shida, "Mwambie baba aunyooshe mguu. Aupitishe hapa katikati."

Nikamwambia baba aupitishe mguu katikati. Ulishafika, wakuu. Ulikuwa pale kwenye gia, na bandeji yake na harufu yake. Felista, akiwa amefunikwa uso, akaweka mkono akaushika usigongwegongwe na gia.

Nilitaka kulia, nikaona mwenye usukani halii kwenye kona.

Uyole askari wa barabarani akatusimamisha. Jumapili jioni, gari binafsi tena jekundu, alikuwa na haki zote. Akamulika tochi ndani. Akaona mwanamke kafunikwa kanga, na nyuma mzee kafunikwa koti, kawapa wote mgongo.

Akauliza mzee kaudhiwa na nini. Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu, nikamwambia kwa Kinyakyusa, huyu wa mbele ni mkamwana wake, anaumwa, tunawahi hospitali.

Yule askari akazima tochi. Akageuka akatazama upande wa pili wa barabara, naye, akatupungia mkono wa kupita huku katupa kisogo.

Hospitali Felista alishushwa upesi. Kumtoa baba ilikuwa kazi nyingine. Mguu ulishavimba, wahudumu wawili walimvuta kama wanaong'oa muhogo. Hakulalamika. Alipotua chini akaniomba kofia yake kwanza, ndipo fimbo.

Alilazwa wodi ya wanaume, Felista ya wanawake. Mimi katikati kwenye ukumbi, nabeba salamu.

Mimba ilikaa. Mguu haukukatwa, ingawa alichechemea maisha yake yote.

Wiki ya mwalimu kuondoka nikairudisha gari Kihesa. Mjomba akaniuliza kimeharibika nini. Nikamwambia hakuna, inakwenda vizuri, ila haina mlango wa nyuma. Akacheka sana, nikamweleza kisa chote, akaacha kucheka. Akaenda kumwambia mwalimu mwenyewe. Sijui alimwelezaje mzungu wa watu.

Niliiangalia mara ya mwisho nikiwa dirishani kwenye basi. Sitawadanganya, bado niliitaka.

Miaka ilipopita nikapata pickup kuukuu. Baba mbele, Felista na mtoto nyuma kwenye boksi, na kile kioo cha kati nikakipaka rangi nyeupe. Mwendo wake ulikuwa wa mkokoteni. Ilitubeba wote.

Kwa hiyo kijana wangu, ushauri wangu ni mfupi. Usianze na injini. Kaa chini uwataje watu wako mmoja mmoja, kisha nenda ukaiangalie hiyo gari uone kila mmoja anaingilia wapi na anakaa wapi. Kama uko peke yako kweli, nunua, ujana ni mmoja. Ila wewe mwenyewe unajua kama uko peke yako.

Wenye mawazo tofauti karibuni, na wa Rungwe mliokua na desturi hii njooni mniambie kwenu walifanyaje magari yalipoingia. Matusi wekeni akiba.

* * *

EDIT: Wakuu, wengi mmeuliza kama baada ya siku ile baba na mke wangu waliachana na desturi. Najibu hapahapa.

Hapana. Hawakuwahi kutazamana. Mtoto alizaliwa, tukamwita Tusajigwe, na babu yake alimpokea kutoka mikononi mwangu, sio mwa mama yake.

Ila kuna kitu. Baba aliendelea kuja kwa ajili ya mguu, na ule mtindo wa garini ukabaki. Akiwa chumba cha mbele anasema, "Mwambie mama Tusa mtoto analia." Kutoka jikoni Felista anajibu, "Mwambie baba nimemsikia." Mimi niko katikati na gazeti, nafungua mdomo, hakuna anayeningoja.

Siku moja nikawahi kutoka kazini. Nikafika uani, nikasikia sauti ya baba ndani.

"Mwambie mama Tusa chai ya leo ni nzuri."

Na Felista jikoni, "Mwambie baba ipo nyingine."

"Mwambie alete kidogo. Na mwambie mguu wangu leo umelala vizuri."

"Mwambie nimefurahi."

Nikachungulia nijue wanamtuma nani. Ndani hapakuwa na mtu mwingine, mtoto alikuwa kalala. Baba kaelekea ukutani, Felista kaelekea motoni, mlango kati yao uko wazi.

Nikarudi nyuma taratibu mpaka barabarani, nikasimama hapo muda mrefu kabla ya kukohoa.