Ndoo Ndani, Ngazi Nje

Wacha niwaambie hii aibu mimi mwenyewe, kwa sababu hapa Syokimau inasimuliwa kila mahali na kila anayeisimulia anaitia chumvi, na ukweli wenyewe tayari una chumvi ya kutosha.

Niko na saluni ndogo nje ya geti la esteti yetu. Mteja akikaa kwa kiti anaongea siasa, na mimi nikiwa nimeshika kichwa chake naitikia tu, maana mtu ukimbishia ukiwa unamvuta nywele anaona unamwadhibu. Mama Njeri wa duka la hadiwea alikuwa akimpigia debe mgombea wa wadi mwenye alama ya ndoo, na kila nikimsuka nilimwambia, "Mimi ni ndoo kabisa." Mama Mutuku, jirani yangu ambaye ni rika la mama yangu, alikuwa wa mpinzani wake mwenye alama ya ngazi, damu na nyama, na nikimwosha kichwa nilimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba chetu: "Mwaitu, hata unauliza? Ngazi tu." Sikuona ubaya, kwa sababu watu wa esteti yetu hawapigi kura. Wanabishana kwa grupu ya WhatsApp mpaka simu zinapata moto, halafu siku yenyewe wanalala, au wanaenda mashambani kwao kuchoma nyama. Nani angejua?

Sasa, asubuhi ya kura ilinyesha manyunyu na kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na nguo zangu zote zilikuwa kwa kamba, zimelowa. Kitu kikavu kilichobaki kilikuwa tisheti ya kijani aliyonipa Mama Njeri, yenye ndoo kubwa kifuani (kubwa, mtu angeweza kuchotea maji). Nikaivaa, nikavaa sweta juu, nikajiambia hakuna atakayeiona. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Kituo kilikuwa shule ya msingi iliyo karibu, na laini ilikuwa fupi hivi kwamba watu wote wangetosha kwa sebule yangu. Nyuma yangu akaja Mama Mutuku, amefurahi, akaniita binti kwa Kikamba.

"Mwiitu, umekuja. Leo tunawaonyesha."

"Tunawaonyesha, mwaitu," nikasema.

Jua likatoka. Mnajua jua la huku likitoka baada ya manyunyu, linakuja na hasira, na mimi ni mtu wa jasho, mikono yenyewe ikashika sweta ikaivuta juu, na kabla akili haijafika hereni ikanaswa kwa sufu, nikabaki nimesimama kichwa ndani, mikono juu, ndoo nje.

"Mwende," sauti ya Mama Mutuku ikaniita kwa jina langu, "hiyo ni nini kwa kifua?"

"Ni tisheti, mwaitu," nikajibu kutoka ndani ya sweta.

"Naona ni tisheti."

Nilipojinasua, sweta ikaanguka kwa matope. Mama Njeri, aliyekuwa wakala wa ndoo ndani ya chumba cha kupigia kura, akachungulia mlangoni akiwa na uso wa harusi. "Si niliwaambia huyu ni wetu," akasema. Wakala wa ngazi akalalamika kwamba kuna mtu anapiga kampeni kwa laini, na polisi akanijia polepole akaniambia nifunike hiyo kitu au niende nyumbani.

Kuenda nyumbani nilitaka, Mungu anajua. Lakini Mama Mutuku, uso umefungwa kama duka siku ya maombolezo, akatoa leso iliyokunjwa kwa mkoba wake. "Jifunge hii ukapige kura." Nikajifunga kutoka kifuani bila kuangalia, nikamshukuru, nikaingia.

Mama Njeri aliniangalia mbele, akaniangalia nyuma, kisha akaanza kusoma mgongo wangu polepole kama mtoto wa chekechea: "Twende... juu... na... ngazi." (Mpaka leo sijui kama Mama Mutuku alisahau ilikuwa leso gani, na siwezi kumuuliza.)

"Mama saluni," akasema, "kwani wewe ni wa nani?"

Msimamizi wa kituo, msichana mpole wa miwani, aliziba mdomo kwa mkono akaniomba nigeuze leso ndani nje. Niliigeuza kwenye kona, nimepeana mgongo, huku mawakala wote wakiangalia ukuta. Halafu nikapiga kura yangu. Mkono haukukosea: alama moja, kwa mtu mmoja.

Kesho yake Mama Mutuku alikuja saluni kuoshwa kichwa (alikuwa ameshalipia, vinginevyo hangekuja), na Mama Njeri akasimama mlangoni, hakuingia.

"Kituo chetu kura moja tu ndiyo imeharibika," akasema. "Mtu ameweka alama kwa ndoo na alama kwa ngazi. Zote safi."

Mama Mutuku akainua kichwa chenye povu. Wote wawili wakaniangalia.

"Si mimi," nikasema.

"Basi ulimpigia nani?" wakauliza kwa pamoja, na nadhani hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu kampeni zianze.

Na hapo ndipo niliposhikwa. Nikisema ndoo, namkosa mmoja, nikisema ngazi, namkosa mwingine, na nikisema ukweli, kwamba nilimpa kura yule kijana wa alama ya kijiko ambaye hakuna aliyemjali, nawakosa wote. Nikamrudisha Mama Mutuku kichwa kwa beseni, nikafungulia maji. Wakaelewa walivyotaka, na kufika jioni esteti yote ilikuwa inasema ile kura iliyoharibika ni yangu.

Siku hizi mteja akiniuliza niko upande gani namwambia kura ni siri, na nimeapa sitamwitikia mtu tena kwa sababu tu nimemshika kichwa. Lakini kuna kitu kinaninyima raha. Tulikuwa wachache kwa ile laini, na mmoja wetu ndiye aliyeweka zile alama mbili safi. Pengine namsuka kila wiki, na akikaa kwa kiti changu ananiuliza, kwa huruma kabisa, ilikuwaje nikachanganyikiwa.